Kutoka umeya hadi ubunge

Mkazi wa Manyatta: Ndugu zangu, Shakeel Shabbir, Mkenya mwenye asili ya Asia, alikuwa meya wa Kisumu kabla ya kuingia bungeni mwaka 2007. Je, watoto wa wahamiaji kwingineko hupitia njia hiyo?

Mwalimu: Mtazame Sadiq Khan, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Pakistan, baba yake akiwa dereva wa basi: alikuwa diwani wa Wandsworth, eneo la London, tangu 1994, mbunge wa Tooting, pia London, mwaka 2005, kisha meya wa London mwaka 2016. Ni njia ileile, ila kinyumenyume.

Mzee wa Kajulu: Mwaka 2017 Shabbir alishinda akiwa mgombea huru, jambo gumu katika ngome ya chama cha ODM. Foleni ya kupiga kura niliyopanga ilizungumzia maji na barabara tu.