Naomba ushauri: mavuno ya hariri yanatofautiana mno kati ya wafugaji

Habari zenu wanakikundi. Ninaratibu wafugaji wa viwavi wa hariri huku Kiambu, ambao hupokea mayai ya aina moja na hulisha majani ya mforsadi wa aina moja, lakini uzito wa vifukofuko vya nyuzi za hariri wanavyovuna unapishana sana. Waliowahi kufuga kuku wa nyama huwazidi hata waliosoma zaidi, nadhani kwa sababu wamezoea kunawa mikono na kusafisha banda kwa dawa kabla ya kuingiza kundi jipya. Wenye ajira mjini wasio na wasaidizi nyumbani hukwama katika hatua ya tano ya ukuaji, ya mwisho kabla ya kusokota, ambapo kiwavi hula zaidi ya robo tatu ya majani ya maisha yake yote, na akikosa mlo husokota kifukofuko chepesi. Tumerudia mafunzo na kugawa vipimajoto ili vyumba vibaki kati ya nyuzi 24 na 28, lakini pengo limebaki palepale.

Je, nirekodi sifa zipi za mfugaji ili nitenganishe athari ya uzoefu na ile ya kukosa wasaidizi nyumbani? Na je, kuna aliyelea viwavi wachanga katika banda moja la pamoja hadi wajivue ngozi mara ya pili, kama wafanyavyo Karnataka nchini India, na wafugaji wapya wakanufaika?