Wauzaji wa kompyuta Dar es Salaam, andikeni namba kamili ya mashine: mnatuuzia za mwaka 2012 kwa bei ya mpya

Wakuu, salaam.

Ninaandika kwa hasira, na hasira hiyo ina sababu. Mtu yeyote anayetafuta kompyuta mpya ya mezani kwa matumizi ya nyumbani katika jiji hili anakutana na tangazo la aina ile ile: picha ya boksi linalong'aa, maneno "MPYA, Core i5, RAM 8, diski 500, Windows 11, fulu seti", bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni yake neno "OFA". Wengine hata bei hawaitaji mpaka uwatumie ujumbe. Ukishatuma, bei utatajiwa, lakini namba kamili ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutatajiwa hata uiombe kwa unyenyekevu namna gani, kwa sababu ikitajwa, ofa inakufa papo hapo.

Jina la Core i5 likisimama peke yake halimwambii mnunuzi chochote cha maana. Intel, watengenezaji wa prosesa hizo, walianza kulitumia mwaka 2009 kwa i5-750, wakaendelea nalo hadi kwenye i5-14400 ya mwaka 2024, na kati ya hizo mbili zimo mashine za kila umri. Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata kistari. i5-3470 ni ya kizazi cha 3 na ilitoka mwaka 2012. I5-8400 ni ya kizazi cha 8, ikatoka mwishoni mwa mwaka 2017. I5-12400 ni ya kizazi cha 12, ya mwanzoni mwa mwaka 2022. Hata Core i3-12100, ambayo muuzaji ataitaja kwa dharau kwamba ni "i3 tu", inaiacha i5-3470 mbali sana kwa kasi. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "ni i5 bosi wangu, ondoa shaka" anakulisha matango pori, na mara nyingi analijua hilo vizuri.

Nije kwenye lililonifika. Mwanangu yuko kidato cha tano na anahitaji mashine ya kujisomea na kuandikia kazi zake. Mke wangu naye ndiye mtunza hesabu wa kikoba chao, kazi ambayo kwa sasa anaifanya kwenye simu kwa taabu kubwa. Tukakubaliana kununua kompyuta moja ya mezani, mpya, yenye waranti, ili itufae kwa miaka mingi. Nikaona tangazo la duka moja la Kariakoo: Dell OptiPlex 7010 mpya, Core i5, pamoja na monita ya inchi 22, kwa shilingi 1,450,000, imeshuka kutoka 2,200,000. Nikatafuta habari za mashine hiyo, nikakuta kwamba Dell walitoa OptiPlex 7010 mwaka 2023 yenye prosesa za kizazi cha 13. Nikampigia muuzaji na kumuuliza waziwazi kama anayoiuza ndiyo hiyo ya mwaka 2023. Akanijibu bila kusita, "Ndiyo hiyo hiyo mzee wangu, na imebaki moja. Weka advansi nikutunzie." Nikamlipa laki mbili kwa lipa namba.

Wasioufahamu mtego huu wauelewe. Kuna OptiPlex 7010 mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 2012, inayotumia prosesa za Intel za kizazi cha 2 na cha 3 pamoja na RAM (kumbukumbu ya kazi) za aina ya zamani, DDR3. Ya pili ndiyo hiyo ya mwaka 2023. Jina ni moja, na katikati yake kuna miaka kumi na moja. Simlaumu mtengenezaji, kwa kuwa nyaraka zake zinazitenganisha mashine hizo vizuri kabisa. Ninayemlaumu ni mfanyabiashara anayejua fika kilichomo stoo kwake, anayechukua sifa za mashine ya mwaka 2023 na kuzitumia kuuzia ile ya mwaka 2012, huku akimhakikishia mteja kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilipofika dukani, boksi lilikuwa tayari juu ya kaunta, limefungwa kwa selotepu mpya. Kompyuta yenyewe ilikuwa imevikwa nailoni, imepulizwa rangi nyeusi, na ukiitazama kwa mbele inapendeza. Nikaigeuza. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimelika kwa bisibisi, kwenye matundu ya feni kulikuwa na vumbi la kijivu lililoganda, na mahali panapokaa lebo ya Service Tag, yaani ile namba ya Dell yenye herufi na tarakimu saba, palikuwa pamekwanguliwa mpaka bati likaonekana. Nikamwambia aliyekuwa akinihudumia, "Kijana wangu, hebu iwashe." Alipoiwasha, nikabonyeza F2 kabla Windows haijafunguka. Ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, ukatokea, na yote waliyoyakwangua kwa nje yakawa yameandikwa mle ndani: Service Tag yake, prosesa i5-3470, tarehe ya kutengenezwa ya mwaka 2013, na Asset Tag, namba ya mali iliyowekwa na ofisi fulani iliyoimiliki kabla haijavuka bahari.

Kijana akanyamaza. Akaja mwenye duka, akanieleza kwamba mashine hiyo ni mpya kwa sababu "haijatumika hapa Bongo, mzee wangu." Nikamwomba anirudishie laki mbili zangu. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mali haikuwa imeuzwa, nilikuwa nimelipia nitunziwe mashine ya mwaka 2023 ambayo dukani kwake haipo. Tangu siku hiyo ninapigwa danadana. Mara meneja amesafiri, mara nichague bidhaa nyingine ya thamani hiyo hiyo, na sasa simu yangu haipokelewi. Mashine kama ile, ikiuzwa kama iliyotumika, nimetajiwa kwenye maduka mengine bei isiyofika laki nne. Sasa jiulizeni lile "punguzo" la shilingi laki saba na nusu lilikuwa ni punguzo la kitu gani.

Naomba nieleweke vizuri, maana najua kuna watakaosema ninadharau vitu vya mtumba. Sidharau. Kompyuta iliyotumika ni bidhaa halali, na kwa mwenye kipato kidogo inaweza kuwa ndiyo chaguo la busara kuliko yote, mradi auziwe kwa jina lake na kwa bei yake. Mashine ya ofisini ya kizazi cha 8 au cha 9, ikiwekewa SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi) na RAM ya GB 8 au 16, itafanya kazi zote za nyumbani bila kusuasua. Wapo wauzaji Kariakoo na Posta wanaoandika "used" kwa uwazi, wanakuwashia mashine na kukuacha uikague utakavyo, na hao ninawaheshimu. Hasira yangu ni kwa wanaopuliza rangi na kukwangua lebo. Anayekwangua lebo hawezi kujitetea kwamba alipitiwa. Alishika kisu mkononi, akakwangua mpaka akamaliza.

Madhara ya udanganyifu huu hayaishii kwenye bei. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inahitaji chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana za cha 7. Mashine ya kizazi cha 3 haikidhi hata sharti moja kati ya hayo mawili. Wanachofanya mafundi wa maduka haya ni kuruka ukaguzi wakati wa kupiga Windows, kisha tangazo linaandikwa "Windows 11" kwa herufi kubwa kana kwamba ni sifa ya mashine. Mnunuzi hajui kwamba Microsoft hawamhakikishii masasisho ya usalama kwenye mashine ya namna hiyo. Mke wangu angeweka humo hesabu za akiba za akina mama wenzake. Nikilifikiria hilo ndipo damu inapochemka, kwa sababu muuzaji aliniuliza mashine ni ya kazi gani, nikamweleza, na bado akaendelea na uongo wake.

Liko pia suala la risiti, ambalo kila mtu analijua na wengi tumelizoea. Unatajiwa bei mbili: "bila risiti" na "na risiti". Kaulimbiu ya TRA ya ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, tumeisikia mpaka watoto wetu wanaiimba, lakini ukidai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, Kariakoo unaonekana mtu msumbufu, na bei inapandishwa palepale. Na hata ukiipata, utakuta imeandikwa "computer" na kiasi, basi. Hakuna namba ya prosesa, hakuna namba ya mashine. Siku ikiharibika ukairudisha kwa waranti, utathibitishaje kwamba ndiyo hiyo uliyouziwa? Waranti ya miezi sita ya maneno matupu, isiyo na karatasi inayotaja mashine yenyewe, haina thamani yoyote. Mawinga, yaani madalali wa mitaani, nao wanaongeza tatizo: winga anakupokea barabarani kwa ukarimu, anakuzungusha duka hadi duka, na cha juu chake kinaingia kwenye bei yako bila wewe kuambiwa. Yakitokea matatizo, winga hajulikani alipo na duka linakwambia halikuhusika.

Sheria zipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha watu katika biashara. Karatasi ya ukutani haimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Ninaandaa malalamiko yangu kwenda Tume ya Ushindani, yaani FCC, nikiambatanisha picha ya tangazo, ujumbe wa malipo, mazungumzo yetu ya maandishi na picha ya ule ukurasa wa BIOS niliyoipiga nikiwa pale pale kaunta. Kama kuna aliyefanyiwa haya na bado ana ushahidi wake, namwomba naye aupeleke, kwa kuwa malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuonekana ugomvi wa mteja na duka, lakini yakiwa mengi yataonyesha kwamba huu ni utaratibu wa biashara.

Kwa anayejiandaa kwenda kununua wiki hii, usiridhike na kile Windows inachokuonyesha kwenye ukurasa wa taarifa za mashine, kwa sababu jina la prosesa linaloonekana pale linaweza kubadilishwa kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake. Ingia kwenye BIOS. Kwa Dell ni F2. Kwa HP nyingi ni F10. Chukua Service Tag au namba ya mashine uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa hapo hapo dukani, nayo itakuonyesha mfano halisi wa mashine na hali ya waranti yake. Kagua pia saa ambazo diski imeshafanya kazi kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na inakaa kwenye flashi. Diski mpya haiwezi kuwa na maelfu ya saa. Muuzaji akikuzuia kufanya lolote kati ya hayo, ondoka. Na advansi usitume kabla hajakuandikia kwa ujumbe namba kamili ya prosesa na ya mashine yenyewe.

Kwa wafanyabiashara mnaosoma hapa, ninachodai si kikubwa. Andikeni kwenye tangazo namba kamili ya prosesa, si "i5". Andikeni kama mashine ni mpya kutoka kiwandani au imeshatumika. Andikeni aina ya diski, maana SSD ya GB 256 na diski ya kuzunguka ya GB 500 ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtumiaji, hata kama namba ya pili inaonekana kubwa. Andikeni bei moja, yenye risiti ndani yake, na kwenye risiti au karatasi ya waranti itajeni mashine kwa namba yake. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote kwa kufanya hivyo.

Pesa ya kununulia bado ninayo, na nyumbani mahitaji hayajabadilika. Bajeti ni ile ile, shilingi 1,450,000 ukiondoa laki mbili zilizoko kwa yule mtu. Muuzaji wa Dar es Salaam mwenye mashine, iwe mpya au iliyotumika, aandike hapa chini namba kamili ya prosesa, aina ya diski, hali ya mashine, muda wa waranti na bei yenye risiti. Nitakayeridhika na maelezo yake nitamfuata dukani kwake mimi mwenyewe, nitabonyeza F2 mbele yake, na kama yanalingana na alichoandika nitalipa yote palepale.