Cheti chenye namba ya Shore (ugumu wa raba) pekee si kipimo cha raba ya mashine. Imetosha!

#1

Wakuu, nauandika uzi huu nikiwa na hasira, na nataka wauzaji wa raba za kuzuia mtetemo (mauntingi za jenereta, kompresa, pampu, mashine za kusaga) wausome mpaka mwisho.

Raba inakuja na cheti, na cheti kina mstari mmoja: "Ugumu 50 Shore A, imepita." Imepita nini? Hakuna tarehe ya kupikwa, hakuna namba ya mkupuo (raba zilizopikwa pamoja), hakuna mzigo uliowekwa, hakuna milimita ilizobonyea. Karatasi ileile inatolewa nakala na kutumbukizwa kwenye boksi la mwezi huu na la mwaka jana. Ukuta wa chumba cha jenereta ukianza kupasuka, anayebebeshwa lawama ni fundi aliyefunga.

Shore inapima ngozi ya raba. Ncha ya kipimo ina urefu wa mm 2.5 tu. Haijui kilichomo katikati, haijui umbo, haijui kama gundi imeshikanisha raba na chuma chake. Pika raba mbili kwa mchanganyiko mmoja, zote za kipenyo mm 75, moja unene mm 25 na nyingine mm 50. Shore ni ileile, lakini ile nene inabonyea zaidi ya mara mbili ya nyembamba kwa mzigo uleule. Sababu ni kwamba ujazo wa raba haupungui ikikandamizwa. Lazima itokeze pembeni, na ikikosa pa kutokeza inakuwa kama jiwe. Ndiyo maana kipande kipana cha tairi chini ya mashine hakizuii kitu, achilia mbali nyuzi zilizomo ndani yake.

Na hiyo Shore yenyewe wengi wanaipima vibaya. Wanabonyeza kwenye ubavu wa mviringo, au pembeni kabisa, au kwenye ngozi nyembamba yenye chuma chini. Inatakiwa uso bapa, unene usiopungua mm 6, mm 12 kutoka ukingoni, usome baada ya sekunde 3, upime sehemu 5 tofauti na uchukue namba ya katikati. Raba iliyokuwa juani mlangoni mwa duka iingizwe ndani ipoe saa kadhaa kwanza.

Sasa hesabu, ili mtu asiseme napiga kelele tu. Jenereta ya kilo 800, mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani mipigo 25 kwa sekunde (25 Hz), imekaa juu ya raba 4. Tuseme uzito umegawanyika sawa, kila raba kilo 200. Iliyoagizwa ni Shore 45 inayobonyea mm 4 kwa mzigo huo. Mpigo wa asili wa mashine juu ya raba (mara inazoyumba yenyewe kwa sekunde ukiisukuma) ni 15.8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo wa milimita. Kipeuo cha 4 ni 2, tunapata 7.9 Hz. Lakini raba ikitikiswa haraka hukakamaa kuliko inapokaliwa taratibu. Kwa raba laini chukua ukakamavu (ugumu wa kubonyea) mara 1.3 hivi, na kwa kuwa mpigo unafuata kipeuo cha pili cha ukakamavu, unapanda hadi 9 Hz. 25 gawanya kwa 9 ni karibu 2.8, na kwa uwiano huo asilimia 15 tu ya nguvu ya mtetemo inafika kwenye zege. Kazi nzuri.

Weka sasa raba ya Shore 70 iliyobandikwa lebo ya 45. Ukakamavu wake ni zaidi ya mara tatu, kwa hiyo haibonyei mm 4, inabonyea mm 1.25. Mpigo wake kwa mzigo uliotulia ni 14 Hz. Na kwa kuwa raba ngumu imejazwa masizi ya kaboni, ikitikiswa inakakamaa zaidi, tuseme mara 1.8, mpigo unafika 19 Hz. 25 gawanya kwa 19 ni 1.3. Raba haianzi kuzuia chochote mpaka uwiano upite 1.41. Chini ya hapo inaongeza! Zege linapigwa karibu theluthi moja zaidi kuliko kama jenereta ingefungwa kwa bolti bila raba kabisa. Mteja amelipa ili jengo lake liharibiwe.

Hata lebo ikiwa ya kweli bado kuna tatizo. Ruhusa ya kiwandani kwa kawaida ni pointi 5 juu au chini. Ukiagiza 45 unaweza kupewa ya 40 na ya 50 kwenye boksi moja, na tofauti ya ukakamavu kati ya hizo mbili ni asilimia 40 hivi. Ziweke pembe mbili za jenereta moja uone inavyolala upande.

#2

Mkuu, mimi ni muuzaji na sikatai ulichosema, ila lawama zigawanywe. Wateja tisa kati ya kumi wanakuja na picha ya raba ya zamani kwenye simu: "nipe kama hii." Muulize mashine ina kilo ngapi, hajui. Mizunguko mingapi, hajui. Anachojua ni kubana raba kwa dole gumba na kusema "hii laini, nipe ngumu, itadumu." Ile ngumu ndiyo inayomuumiza na ndiyo anayoitaka. Pia kupima kila mkupuo maabara ni gharama ambayo hakuna anayekubali kuilipa kwenye raba ya M10 (ya bolti ya mm 10).

#3

Mkuu #2, la uzito ni kweli, lakini hilo la gharama halitoshi kuwa udhuru. Kipimo cha msingi cha raba ya mashine ni mzigo na mbonyeo, na kinafanyika nyuma ya duka lolote lenye sakafu ya zege.

Chukua raba 4 za mkupuo mmoja. Zipange kwenye pembe za pleti ya chuma ya mita 1 kwa mita 1, unene mm 10. Pleti hiyo ina kilo 78, isisahaulike kwenye hesabu. Chini yake, karibu kabisa na kila raba na si katikati ambako pleti itapinda, panga magogo ya mbao yenye kimo pungufu ya raba kwa mm 10, ili mzigo ukiinama usimwangukie mtu. Weka dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) kila pembe, au kalipa kama huna, ukipima kimo kutoka sakafuni hadi ukingo wa pleti. Panga mifuko 14 ya saruji ya kilo 50, na kila mfuko upite kwenye mizani kwanza. Jumla kilo 778, kila raba kilo 194.5. Usitumie presi ya tani 10 kwa kazi hii. Kilo 200 kwenye geji yake ni unywele mmoja kutoka sifuri, husomi kitu.

Usisome mara ya kwanza. Raba mpya ikipakiwa mara ya kwanza huwa ngumu kuliko itakavyokuwa baadaye. Pakia na kupakua mara tatu, kisha soma ya tatu. Huna haja ya kushusha mifuko. Weka jeki mbili pande mbili zinazokabiliana, inua pamoja taratibu mpaka raba ziwe huru, kisha shusha. Mikono isiingie chini ya pleti.

Soma dakika 1 baada ya kushusha, kisha dakika 10, kisha dakika 100. Raba yoyote huendelea kuzama. Raba asilia laini na nzuri huzama asilimia 2 hadi 4 hivi zaidi kila muda unapozidishwa mara 10. Ikizama asilimia 10 kati ya dakika 1 na ya 10, huo huenda ni mchanganyiko wa takataka za raba iliyosagwa na mafuta, na mimi siifungi. Linganisha pembe nne: ikiwa moja imepishana na wenzake zaidi ya asilimia 15, itoe kwenye seti.

Mwisho gawanya mbonyeo kwa unene wa raba yenyewe, bila vyuma. Raba ya kukandamizwa isizidi asilimia 15. Mbonyeo wa mm 4 unahitaji raba ya mm 27 au zaidi. Ukikuta mm 4 kwenye raba ya mm 15, itakatika mapema hata kama namba zote ni nzuri.

#4

Naongeza yanayosahauliwa, maana mbonyeo mzuri bado si ushahidi kwamba raba itaishi.

Gundi. Kila mkupuo raba moja itolewe mhanga. Ivute mpaka ikatike, halafu tazama uso uliobaki. Ukiona raba imechanika ndani yake na chuma bado kimefunikwa na raba pande zote, gundi ni nzima. Ukiona chuma kinang'aa, au kina rangi ya gundi tu bila raba, mkupuo wote urudi, hata kama ilikatika kwa nguvu kubwa. Huenda chuma hakikupigwa mchanga vizuri au kilishikwa kwa mikono yenye mafuta kabla ya kupakwa.

Mafuta. Hapa wauzaji wanadanganya waziwazi. Raba asilia ndiyo bora kwa mtetemo na ndiyo mbovu kabisa kwa dizeli. Kata kipande kwenye ile ya mhanga, kipime kwa mizani ya sonara, kitumbukize kwenye dizeli saa 72, kifute, kipime tena. Raba asilia itakuwa imevimba waziwazi na kulegea. Naitraili (raba ya kutengenezwa, ya kustahimili mafuta) itabadilika kidogo tu. Niopreni, nyingine ya kutengenezwa, iko katikati. Mtu akikuuzia "naitraili" ikavimba namna hiyo, umeshikwa. Na raba asilia ikitumika, iwe na kofia ya chuma juu inayomwaga matone pembeni.

Kubaki bapa. Bana kipande kati ya pleti mbili mpaka robo ya unene wake ipotee, weka kwenye nyuzi joto 70 kwa saa 24, fungua, subiri dakika 30, pima. Gawanya unene usiorudi kwa ile robo iliyopotezwa kwa kubana. Kwangu mimi zaidi ya asilimia 30 ni raba ya kukataa, maana chumba cha jenereta Dar es Salaam mchana hakina huruma.

Na baada ya kufunga, pima mashine yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, bandika simu kwenye fremu kwa gundi ya pande mbili, fungua programu yoyote inayosoma kihisi cha mwendo, piga fremu kwa nyundo ya mbao kutoka juu kwenda chini karibu na katikati ya uzito. Utaona kilele kwenye grafu. Ukiona zaidi ya kimoja usishangae, mashine ina njia sita za kuyumba, tafuta kile cha juu-chini. Raba za mfano wa #1 zinatakiwa zikupe karibu 9 Hz. Ukipata 15 au zaidi, ama raba si ile ulioagiza, ama kuna kitu kigumu kimeunganisha mashine na jengo: bomba la moshi lisilo na kipande kinachonesa, waya ndani ya bomba la chuma, zege lililomwagikia chini ya fremu, au bolti iliyopita raba yote na kubana juu na chini. Hayo manne yanaua raba nzuri kila siku. Fungua kimoja kimoja, upime tena.

Jambo moja kwa haki ya raba: silinda moja isipochoma, injini hiyo ya mizunguko 1,500 inatikisa kwa 12.5 Hz. Hiyo iko karibu mno na 9 Hz na raba haiwezi kuizuia. Kagua nozeli (za kupulizia dizeli) kabla ya kulaumu raba.

#5

#4 umemaliza. Narudi kwa wauzaji, na wanunuzi wakubwa mnaoandika zabuni mnisikie pia, kwa sababu nyie ndio mnaolipa.

Zabuni ikiandikwa "raba Shore 50, vipande 40" hakuna atakayeleta kitu cha maana. Andikeni uzito juu ya kila raba kwa kilo, uliopatikana kwa kupima au kukokotoa, si kugawanya kwa nne kwa macho. Ile jenereta ya kilo 800, kama kitovu cha uzito kiko sm 70 kutoka raba za upande wa injini na umbali kati ya jozi ni sm 160, upande wa injini unabeba kilo 225 kila raba na upande wa altaneta kilo 175. Andikeni mbonyeo mnaoutaka kwa mzigo huo na ruhusa yake kwa asilimia. Andikeni mizunguko ya mashine, aina ya raba, joto la chumba. Dai grafu ya mzigo na mbonyeo ya mkupuo uleule mnaoletewa, ikianzia sifuri hadi mara moja na nusu ya mzigo wa kazi, yenye tarehe na joto la siku ya kupima. Dai na ukakamavu wa kutikiswa, pamoja na mpigo na kiasi cha mtikiso kilichotumika. Namba hiyo bila viwili hivyo haina maana, kwa kuwa raba ileile ikitikiswa kidogo sana ni ngumu kuliko ikitikiswa sana.

Na namba ya mkupuo iwe imechapwa kwenye raba au kwenye chuma chake, si kwenye boksi. Mabosi wa maduka, boksi linabadilishwa kwa dakika mbili na sote tunalijua hilo. Kuanzia sasa raba isiyo na namba mwilini, yenye cheti cha mstari mmoja, irudishwe mlangoni kabla risiti haijaandikwa.