Ushauri: Simtanki lenye nusu ya maji lilisukuma gari baada ya kufunga breki

Mwanzisha uzi:
Ndugu wanajamvi, nauza maji hapa Dodoma kwa pikapu iliyobeba simtanki la lita 1,000. Juzi, nikiwa nimekwisha kuuza nusu ya maji, mbuzi walikatiza barabara nikafunga breki. Gari lilipokaribia kusimama nilisikia maji yakigonga ukuta wa mbele wa tangi, na papo hapo tukasukumwa mbele kana kwamba tumegongwa kwa nyuma. Kamba ya katani ilikatika, tangi likaja kugota kwenye kioo cha nyuma cha kabini, ambako kijana wangu wa kazi alikuwa ameegemeza kichwa. Siku zote nimeamini kwamba mzigo ukipungua, hatari nayo hupungua. Nimekosea wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ni inesha, ambayo Newton aliiandika katika kanuni yake ya kwanza mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea nao mpaka nguvu nyingine ikizuie. Breki zilishika magurudumu, hazikushika maji. Ukiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa na ukasimama ndani ya sekunde 3, kilo 500 za maji huhitaji kuzuiwa kwa nguvu inayokaribia nusu ya uzito wake. Tangi lililojaa pomoni ni zito zaidi, lakini maji yake hayana pa kukimbilia. Yakibaki nusu hupata nafasi ya kujikusanya, kupiga kwa pamoja na kurudi nyuma, na ndiyo sababu msukumo ulikuja kwa kuchelewa.

Mchangiaji wa pili:
Malori ya mafuta huwekewa ndani kuta zenye matundu ili kuvunja wimbi hilo, jambo ambalo simtanki la nyumbani halina. Kwa hiyo nunua mawili ya lita 500, na umalize moja kabla ya kufungua la pili. Yaegemeze kwenye ukuta wa mbele wa bodi bila kuacha upenyo.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana. Je, kamba?

Mchangiaji wa pili:
Achana na katani. Tumia mikanda mipana yenye kikazio cha chuma. Mwongozo wa Uingereza hutaka ufungaji uhimili uzito wote wa mzigo kuelekea mbele, na nusu yake kuelekea pembeni na nyuma, kwa kuwa gari linapoondoka maji hubaki nyuma.

Mwanzisha uzi:
Kesho sitoki. Nitaanza na mikanda.