Springi za nyuma za Land Rover Series III: nikunje za zamani au ninunue mpya?

Ziwani88: Wakuu, Land Rover 88 yangu (ile fupi) imelala nyuma upande wa dereva. Majani ya springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa, yana kutu katikati yake, moja limepasuka. Fundi wa Nyakato, hapa Mwanza, anataka kuzikunja upya na kuongeza jani. Nikubali?

Jani_Mama: Usikubali, mkuu. Chuma kilichochoka kikikunjwa bila kupashwa moto na kupozwa inavyotakiwa, kinalala tena. Jani la ziada nalo linaifanya gari iruke kwenye mawe kama mbuzi. Nunua pea. Ila angalia: springi ya dereva na ya abiria hazilingani, ya dereva imekunjika zaidi. Muuzaji akikupa mbili zinazofanana, mrudishie. Upana wa jani ni milimita 63.5, pima kabla ya kulipa.

Sheko: Naongezea. U-bolt za zamani, zile bolt za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, tupa, zimeshavutika. Jeki chini ya chesisi, siyo difu. Kichwa cha senta bolt, ile inayoshika majani pamoja katikati, lazima kizame kwenye tundu la kikalio cha ekseli, la sivyo ekseli inakaa upande na gari inatembea kama kaa. Bolt za bushi zikaze gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Ukizikaza ikining'inia, mpira unajinyonga na kukatika mapema. Baada ya kilomita mia chache kaza U-bolt tena.

Ziwani88: Na kutu? Gari inabeba samaki waliowekwa kwenye barafu kutoka soko la Mwaloni.

Jani_Mama: Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Maji yanayochuruzika yanaingia kati ya majani. Yapake grisi ya grafaiti kabla ya kufunga, na toboa njia ya maji mbali na springi.