Corolla ya 1996 inakunywa oili: nitie dawa ya kusafisha injini?

Mama Mayungu: Asalaam aleikum. Nina Corolla ya 1996, injini 5A, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Kila alfajiri nabeba samaki na barafu kutoka Mayungu hadi soko la Malindi. Nikiiwasha asubuhi hutoa moshi wa buluu kidogo, halafu unakata. Kila wiki mbili naongeza karibu nusu lita. Nikifungua kofia ya oili naona utando mweusi, mzito kama halua iliyoungua. Dukani nimeambiwa nitie chupa ya dawa ya kusafisha, kisha oili ya 5W-30, ati ndiyo ya kisasa. Fundi wangu hutia 20W-50. Gari hili ndilo linalosomesha watoto, sitaki kubahatisha. Nimsikize nani?

Fundi wa Kisumu Ndogo: Waaleikum salaam mama. Dawa iache huko huko dukani. Hutiwa kwenye oili kuukuu, injini ikaunguruma kama dakika 10, kisha yote ikamwagwa. Injini iliyotunzwa haina neno. Yako, utando wa miaka utabanduka mapande ushuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, penye chujio la pampu. Likiziba, oili haipandi. Niliwahi kumtilia mteja. Taa nyekundu ya oili ikamwakia Kakoneni naye akaendelea kwenda. Nilipofungua sampu, chujio limejaa kitu kama uji, na injini imeshanoki. Bado inaniuma.

Namba yenye W ni ya injini ikiwa baridi, na Malindi baridi iko wapi? Ya pili ni uzito wa oili ikishapata moto. 30 ni nyepesi, itapenya upesi palipochoka. Baki na 20W-50. Moshi wa asubuhi tu ni sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili isivuje, na hakuna dawa inayoponya mpira uliokauka, zibadilishwe. Ungetoka ukikanyaga mafuta, ningesema ringi za pistoni. Utando utaondoka polepole: badilisha oili pamoja na filta kila kilomita 2,000, mara tatu. Oili yenyewe ina sabuni yake.

Dereva wa Mambrui: Dada, kwenye kofia ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, kuna valvu ndogo ya injini kupumulia. Ichomoe, uitikise. Isipolia, imeziba. Na kidumu cha oili chenye kizibo kilicholegezwa usinunue.

Mama Mayungu: Nimeitikisa sasa hivi, kimya. Fundi, kesho nikishusha samaki nakuja. Filta ninunue, au unayo?