Huyu mpiga kasia wa Mabamba mnamjua, msinilazimishe kumtaja

Nimeshuka mtumbwini sasa hivi hapa kinamasi cha Mabamba, Uganda, suruali imelowa, roho inachemka. Yule mwenye kofia ya kijani, wote mnamjua.

Tumepenya mafunjo tangu alfajiri mpaka nimeota magugu masikioni. Tukampata! Korongo-nyangumi mwenyewe, yule ndege wa mdomo kama kiatu, kasimama kama askari wa benki, anamvizia samaki kamongo aibuke kuvuta pumzi. Nainua darubini. Jamaa anapiga maji kwa kasia, PAA! Eti ndege aruke, mgeni wa mtumbwi wa mbele apate picha ya mabawa. Ndege kaenda, kamongo kaenda, darubini nusura iende.

Nikamwambia kwa adabu, ssebo (bwana), huyu kwa kawaida hukuza kifaranga kimoja tu, ukimkurupusha kila siku atalisha saa ngapi? Akanijibu mbele ya watu: "Ukitaka ndege asiyeruka, kaangalie kuku."

KUKU! Kwenye kinamasi kilicho kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu za dunia, tangu 2006, mimi natumwa kwa kuku! Kasia PAA, halafu kuku!

BodaWaKajjansi: Pole. Na kuku ulimwona?

MvuviMstaafu: Unalilia kasia? Zamani wavuvi wakikutana na ndege huyo walijua samaki hakuna siku hiyo, wakamuua. Leo analeta wageni, watoto wanalipiwa ada. Huyo kijana ni malaika.

Mwenye uzi: Malaika gani anapiga maji PAA?

DadaWaWandegeya: Wako angalau anakimbia. Kaloli, yule korongo mla taka wa Kampala, nani atamfukuza? Nimeegesha gari chini ya mti, nimerudi limepakwa chokaa hadi vioo. Tunamwaga taka kila kona, wanashiba, wanazaana, kisha tunawalaani wao.

DerevaWaGulu: Kaloli kitu gani. Njooni daraja la Karuma, barabara ya Gulu. Abiria wamewarushia nyani ndizi mpaka wanakaa katikati ya lami kungoja basi. Wanagongwa ovyo. Jana mmoja kaingiza mkono dirishani, kaondoka na rolex yangu, chapati ya kuviringisha na mayai.

BodaWaKajjansi: Nzima??

DerevaWaGulu: Mbili. Za mayai mawili mawili. Dume zima, linanitazama machoni huku linatafuna.

DadaWaWandegeya: Yesu wangu. Na nyanya zake?

DerevaWaGulu: Nyanya kazitema.

Mwenye uzi: Jamani, uzi huu ni wa korongo.

MvuviMstaafu: Dereva, hizo rolex ulinunua upande gani wa daraja? Jumamosi napita huko.